MGUSO WA PILI

Somo: Marko 8:22–26

 

Habari yetu ya leo ni ya kipofu wa Bethsaida. Watu walimleta kwa Yesu, naye Bwana akamwongoza kwa mkono mpaka nje ya kijiji, akayatia mate macho yake na kumgusa. Alipoulizwa anaona nini, yule mtu hakudanganya. Alisema anaona watu, lakini wako kama miti inayotembea. Ndipo Bwana akamgusa tena, naye akaona sawasawa.

Tumechagua somo hili kwa sababu ya mama mmoja mzee wa ushirika wetu, karibu na Malindi. Yeye ndiye aliyekuwa akitusomea Neno katika ibada ya akina mama. Siku moja alisimama kusoma, akanyamaza. Baadaye alitueleza kwamba mistari ya kitabu ilikuwa imepinda, na katikati ya ukurasa palikuwa na kitu kama moshi. Pembeni aliona vizuri, hata njia ya kisimani aliipita bila fimbo. Lakini mjukuu wake akisimama mbele yake, hakuujua uso wake.

Je, tulifanya nini sisi ndugu zake? Wengine tulisema ni uzee. Wengine tulisema ni mtoto wa jicho, angoje kidogo. Jirani mmoja akaanza kunong'ona habari za uchawi, na ninyi mnajua jinsi minong'ono ya namna hiyo ilivyomwaga damu ya wazee wenye mvi katika Kilifi yetu. Kanisani tulimwombea. Kuomba ni kwema, lakini sisi tuliomba tukakaa. Hatukumshika mkono kumtoa nje ya kijiji. Miezi ikapita, na alipofikishwa kwa daktari bingwa wa macho huko Mombasa, jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufanya kovu, na la kulia lilikuwa limeanza.

Daktari alitufafanulia hivi. Nyuma ya jicho, ndani, kuna utando mwembamba unaopokea mwanga, uitwao retina. Wakati mwingine, hasa katika uzee, mishipa midogo ya damu isiyotakiwa huota chini ya utando huo. Mishipa hiyo ni dhaifu. Huvuja maji na damu, na mahali pa katikati, tunapotumia kusoma na kutambua nyuso, huharibika. Miwani haiwezi kuliponya jambo hili, wala upasuaji wa mtoto wa jicho hauliondoi. Wenye kisukari nao wajihadhari, kwa maana ugonjwa huo huharibu mishipa ya retina kwa njia yake, na mara nyingi hutibiwa kwa sindano hizo hizo.

Ndiyo, ni sindano, tena ya jicho. Mama yetu aliposikia hivyo alisema, “Wanangu, nirudisheni nyumbani.” Hatukumlaumu, kwa maana sisi wenyewe miguu ilitulegea. Lakini tuliona inavyofanyika. Jicho hutiwa matone ya ganzi, husafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu, na sindano nyembamba sana hupitishwa katika sehemu nyeupe kwa muda mfupi tu. Dawa huzuia ile nguvu mwilini inayoiamuru mishipa iote. Dawa mojawapo, bevacizumab, ilikubaliwa huko Marekani mwaka 2004 kwa ajili ya saratani. Mwaka uliofuata madaktari wa macho wakaanza kuitumia kwa kiasi kidogo sana. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu kwa matibabu ya macho, na bei yake ni nafuu kuliko ndugu zake.

Sasa sikilizeni jambo lililotuhukumu. Sindano moja haitoshi. Mara nyingi huanza kwa tatu, mwezi kwa mwezi, kisha mgonjwa huendelea kadiri daktari aonavyo, pengine kwa miaka. Safari ya kwanza tulichanga nauli kwa furaha na nyimbo. Ya pili tulichanga. Ya nne bahasha ilizunguka kanisa zima ikarudi karibu tupu. Tulikuwa na upendo wa mguso mmoja. Lakini Bwana wetu, alipomwona yule mtu hajapona sawasawa, hakuchoka naye wala hakumkemea. Alimgusa tena.

Basi tukumbuke historia ya huku kwetu. Johannes Rebmann alifika Rabai mwaka 1846 kuhubiri Injili pamoja na Krapf. Macho yake ndiyo yaliyoiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, na wataalamu wa Ulaya wakamcheka. Macho hayo hayo yalififia hapa pwani. Aliporudi kwao mwaka 1875, baada ya miaka 29, alikuwa karibu kipofu, naye Mkristo wa Rabai, Isaac Nyondo, ndiye aliyemwongoza. Zamani hizo sindano hizi hazikuwapo. Mkono wa ndugu ulikuwapo, nao haukumwacha njiani.

Tulitubu, tukaweka zamu. Kila mwezi nyumba mbili hutoa nauli, na kijana mmoja humsindikiza. Jicho la kushoto halikurudi, hatutawadanganya. La kulia limesimama pale lilipokuwa, naye husoma maandishi makubwa, polepole.

Wapendwa, leo jioni fumba jicho moja, utazame mwimo wa mlango, kisha fumba la pili. Ukiona umepinda, au pana doa katikati, usingoje. Nenda hospitali iliyo karibu, uombe kuelekezwa kwa daktari wa macho. Na aliyekwisha kudungwa sindano, akiona maumivu yanazidi, wekundu unaongezeka au kuona kunapungua, arudi siku hiyo hiyo.

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa wale tuliowaombea tusiwasindikize. Utupe mikono isiyochoka mara ya pili, na ya tatu, na ya kumi. Uwakumbuke madaktari na wauguzi, na wote wanaokaa gizani leo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.