Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Maisha ya Learie Constantine



Tunapozungumza juu ya ujirani mwema, tumeona vema tuwasimulie habari za mtu ambaye hakuwa askari wala chifu, bali mchezaji wa kriketi.

Learie Constantine alizaliwa mwaka 1901 kisiwani Trinidad, katika ukoo uliotoka utumwani. Mwaka 1929 alianza kuichezea klabu ya Nelson, mji mdogo wa viwanda vya nguo kaskazini mwa Uingereza. Mtu mweusi alikuwa kioja huko, na barua za matusi zilimfikia. Hata hivyo hakuondoka. Alicheza, akawafunza wachezaji wa klabu, akaishi na majirani kwa heshima. Katika misimu yake tisa Nelson ilitwaa ubingwa wa ligi mara saba, na mji uliomshangaa ukamhesabu kuwa wake.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wizara ya Kazi ilimteua kuwa ofisa wa ustawi wa wafanyakazi waliotoka visiwa vya West Indies kwenda kufanya kazi viwandani. Alisimama kati yao na waajiri waliosita kuwapokea, akitafuta maelewano.

Mwaka 1943, yeye na jamaa zake walifika London kwenye hoteli ya Imperial, ambako alikuwa amekwisha kupanga vyumba. Wakakataliwa kwa sababu ya rangi yao. Siku zile Uingereza haikuwa na sheria iliyokataza ubaguzi wa rangi. Lakini palikuwapo kanuni ya kale kwamba mwenye nyumba ya wageni hana ruhusa ya kumfukuza msafiri pasipo sababu ya haki. Constantine alishika kanuni hiyo, akaenda mahakamani, na mwaka 1944 akashinda. Fidia ilikuwa gini tano tu, lakini kesi yake ilikumbukwa miaka mingi. Sheria ya kwanza dhidi ya ubaguzi ilipitishwa mwaka 1965, naye akawa mjumbe wa bodi iliyoundwa kuisimamia. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuwa waziri nchini kwao, kisha balozi wake mjini London.

Ndugu zetu, sisi tunaokaa mpakani twajua kwamba neno la dharau lililotamkwa sokoni huvuka ng'ambo kabla ya jua kuchwa, na huenda likarudi likiwa fimbo na mapanga. Kwa hiyo twawaomba: mgeni akitendewa ubaya, mleteni kituoni, na mwenyeji akidhulumiwa na mgeni, naye aje. Kwa upande wetu, ni wajibu wetu kuandika malalamiko ya wote katika daftari lile lile, pasipo kuuliza kwanza mtu amezaliwa upande gani wa mto. Tukishindwa katika hilo, tuulizeni hadharani, katika mikutano kama huu.