Chombo Kinachorudi Gereji Kila Wiki: Haki na Wajibu wa Mnunuzi

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa kata kuhusu ununuzi wa pikipiki, bajaji, guta na magari



Msimu wa alizeti unapowadia mkoani Singida, thamani ya chombo cha moto huonekana waziwazi. Magunia hutoka mashambani kwa pikipiki na guta, hufika barabara kuu, hupakiwa kwenye malori na kupelekwa viwandani kukamuliwa mafuta. Vitunguu navyo husafiri kwa njia hiyo hiyo. Mama mjamzito aliye mbali na zahanati, mara nyingi, humtegemea bodaboda yule yule aliyebeba magunia asubuhi. Chombo kimoja kinapolala gereji, hasara haimfiki mwenye chombo peke yake. Humfika mkulima, mgonjwa na mtoto aliyekuwa akingoja ada ya shule.

Ichukuliwe mfano wa kijana aliyepewa pikipiki mpya kwa mkataba. Kila jioni anatakiwa kumpelekea mwenye chombo shilingi 10,000, hadi siku pikipiki itakapokuwa mali yake. Mwezi wa pili gia zinaanza kuruka. Fundi anafungua, anafunga, anasema imepona. Baada ya siku nne inaruka tena. Anabadilisha klachi, baada ya wiki moja ugonjwa ni ule ule. Siku nane za mwezi zikipotea gereji, kijana tayari ana deni la shilingi 80,000, na hapo spea na ujira wa fundi havijahesabiwa. Yeye hakuitengeneza pikipiki hiyo, wala mwenye chombo hakuitengeneza. Aliyeiuza amekwisha kuweka fedha kibindoni. Je, mzigo huu ni wa nani?

Swali hili limeulizwa katika nchi nyingi. Nchini Marekani, gari linaloharibika kwa kasoro ile ile kila mara hupewa jina la limau: nje linang'aa, ndani ni chachu. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof aliandika makala mashuhuri kuhusu soko la magari ya namna hiyo. Alionyesha kwamba muuzaji anapojua siri za gari na mnunuzi asizijue, magari mabovu huyafukuza mazuri sokoni, kwa kuwa mnunuzi mwenye hofu hutaka kulipa bei ndogo kwa kila gari, na mwenye gari zuri hakubali bei hiyo. Mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Mwaka 1982 jimbo la Connecticut lilitunga sheria ya kwanza ya aina yake: gari jipya likishindikana kutengenezwa baada ya majaribio kadhaa, au likikaa gereji siku nyingi mno, mtengenezaji hulazimika kulibadilisha au kurudisha fedha. Majimbo mengine yakafuata, na baadaye nchi kama Singapore na Korea Kusini.

Tanzania haina sheria mahsusi inayohesabu majaribio ya fundi au siku za gereji kwa namna hiyo. Wapo wanaohitimisha kutokana na hilo kwamba mnunuzi hana pa kushika. Hitimisho hilo si sahihi.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka masharti ndani ya mauzo hata kama hayakutamkwa wala kuandikwa. Sharti la kwanza ni kwamba muuzaji awe na haki ya kuuza kitu hicho. La pili, kitu kilichouzwa kwa maelezo kifanane na maelezo yake: pikipiki iliyouzwa kuwa mpya iwe mpya kweli. La tatu linamhusu muuzaji ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo: bidhaa iwe na ubora unaostahili kuuzwa, na mnunuzi akimweleza matumizi aliyokusudia, huku akitegemea ujuzi wa muuzaji huyo, bidhaa ifae kwa matumizi hayo. Ndiyo maana si busara kununua kimya kimya. Mkulima anayetaka guta la kubeba magunia ya alizeti katika njia ya mchanga na aseme hivyo dukani, mbele ya shahidi, na ikiwezekana maneno hayo yaandikwe nyuma ya risiti. Siku guta litakapovunjika ekseli kwa mzigo wa kawaida, muuzaji hataweza kudai kwamba hakujua kazi yake.

Sheria hiyo ina upande wa pili ambao wengi hawaufahamu. Haki ya kukikataa kitu na kudai fedha yote haikai milele. Mnunuzi anayegundua kasoro kubwa akaendelea kukitumia chombo kwa muda mrefu bila kusema lolote huhesabiwa kuwa amekipokea. Kinachobaki kwake kwa kawaida ni kudai fidia tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayekataa halazimiki kukisomba chombo mwenyewe hadi dukani. Inatosha amjulishe muuzaji kwamba amekikataa, na kwa usalama wake taarifa hiyo iwe ya maandishi.

Sheria nyingine ni Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, ambayo ndiyo msingi wa Tume ya Ushindani, inayojulikana kwa kifupi kama FCC. Sheria hiyo inakataza mwenendo wa kumhadaa mlaji: kusema uongo kuhusu ubora wa bidhaa, umri wake, asili yake au historia yake. Kurudisha nyuma kilomita za gari lililotumika ili lionekane halijatembea ni hadaa ya wazi. Yale maneno yanayopigwa muhuri kwenye risiti, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, hayawi ngao ya kumkinga muuzaji aliyeuza kitu kibovu.

Ni lazima pia kuutaja mpaka wa haki hizi. Anayenunua pikipiki kwa jirani ambaye si mfanyabiashara wa pikipiki hana ulinzi sawa na anayenunua dukani. Katika mauzo ya mtu kwa mtu, macho ya mnunuzi ndiyo kinga ya kwanza. Hata hivyo, jirani akisema uongo wa makusudi, kwa mfano akaapa kwamba injini haijawahi kushushwa ilhali imeshushwa mara mbili, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyedanganywa nafasi ya kuutengua mkataba. Vilevile, ukaguzi wa magari yaliyotumika kutoka nje ya nchi, unaosimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, huangalia hali ya gari siku ya ukaguzi. Hauahidi kwamba injini itadumu mwaka mzima.

Kuuziwa mbuzi kwenye gunia kuna dawa yake, nayo ni kulifungua gunia kabla ya kulipa. Chombo kilichotumika kikaguliwe na fundi aliyechaguliwa na mnunuzi, si fundi aliyeletwa na dalali. Injini iwashwe ikiwa ya baridi, kwa maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha magonjwa mengi. Moshi wa bluu ni dalili kwamba inakula oili. Gari liendeshwe kwa muda wa kutosha ili kuona kama linachemsha. Namba ya chasisi na namba ya injini zilinganishwe na kadi, na jina lililo kwenye kadi lilinganishwe na kitambulisho cha anayeuza. Baada ya malipo, uhamisho wa umiliki ukamilishwe Mamlaka ya Mapato Tanzania bila kuahirishwa.

Kwa chombo kipya, mnunuzi adai vitu vitatu: risiti ya mashine ya kielektroniki yenye jina lake, hati ya dhamana inayotaja muda au kilomita, na kitabu cha matunzo. Dhamana nyingi huanguka kwa sababu ya mnunuzi mwenyewe. Oili ya kwanza haikubadilishwa kwa wakati. Chombo kilifunguliwa na fundi wa mtaani kabla muuzaji hajakiona. Spea zisizo halisi zilifungwa. Abiria watatu walipakiwa kama mishikaki. Muuzaji akiyaona hayo huwa amepata mlango wa kutokea. Kasoro ikitokea ndani ya muda wa dhamana, chombo kiende kwanza kwa muuzaji au gereji aliyoitaja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na malalamiko yasiyo na daftari huishia vivyo hivyo. Daftari la shilingi chache laweza kuokoa mamilioni. Kila tukio liandikwe kwa mstari mmoja, kwa mfano: "Tarehe 4, kilomita 1,210, gia ya tatu inaruka, imepelekwa kwa muuzaji, imerudi tarehe 6. Tarehe 11, kilomita 1,385, gia ya tatu inaruka tena, imebadilishwa klachi, imerudi tarehe 14." Mistari minne ya namna hiyo, pamoja na risiti za spea na picha zilizopigwa kwa simu, husema zaidi ya hotuba ya saa nzima. Huonyesha kwamba kasoro ni ile ile, kwamba muuzaji alipewa nafasi ya kuiondoa, na kwamba ameshindwa.

Kasoro ikirudi baada ya kutengenezwa, barua iandikwe kwa muuzaji. Itaje tarehe ya ununuzi, bei, namba ya chasisi, historia ya kasoro kama ilivyo daftarini, na jambo moja linalodaiwa: kutengenezwa upya bila malipo, kubadilishiwa chombo, au kurudishiwa fedha. Itoe muda wa kujibu, kama siku 14. Nakala ibaki kwa mnunuzi, ikiwa na sahihi au muhuri wa aliyeipokea. Lugha ya barua iwe ya heshima. Matusi hayaongezi haki, na siku ya shauri humgeukia aliyeyaandika.

Muuzaji akikaa kimya, njia bado zipo. Afisa biashara wa halmashauri anaweza kuwakutanisha pande mbili na kutoa ushauri. Malalamiko ya hadaa au ya bidhaa mbovu yanaweza kupelekwa Tume ya Ushindani kwa maandishi, yakiambatanishwa na vielelezo. Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, kiwango kinachotosha kwa pikipiki, bajaji na magari mengi madogo yaliyotumika. Mwenye madai hupewa miaka sita tangu mkataba ulipovunjwa, lakini anayengoja miaka hiyo yote hujikuta mashahidi wamehama na risiti zimefutika wino. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kumwona msaidizi wa kisheria chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Yapo makundi mawili yanayohitaji neno la pekee. La kwanza ni vijana wa mkataba. Kisheria aliyenunua dukani ni mwenye chombo, na ndiye mwenye nguvu ya kumdai muuzaji. Dereva anayeficha kasoro kwa hofu ya kunyang'anywa pikipiki huipoteza haki ya mwenye chombo pamoja na yake mwenyewe. Inafaa mkataba uandikwe, useme nani hulipia matengenezo makubwa, na siku za gereji zisizotokana na uzembe wa dereva zihesabiwe vipi. Mwenye chombo mwenye busara huona kwamba kumkamua kijana kwa siku ambazo pikipiki haikutembea ni kumsukuma aendeshe usiku na mchana ili kufidia, na mwisho wake unajulikana.

Kundi la pili ni vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyokopa kutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mkopo huo hauna riba, lakini marejesho hayasimami kwa kuwa bajaji imesimama. Risiti na dhamana ziandikwe kwa jina la kikundi. Daftari la chombo likae kwa katibu, na kasoro yoyote ielezwe kwa afisa maendeleo ya jamii mapema, kabla rejesho halijachelewa. Fedha inayorudishwa na kikundi kimoja ndiyo inayokopeshwa kikundi kinachofuata.

Mwisho, kuna kasoro zisizovumilia barua wala siku 14. Breki inayoshindwa, usukani unaovuta upande mmoja na tairi linalopasuka bila sababu havisubiri. Mwenye kuufahamu mteremko wa Sekenke anajua kwamba breki haijaribiwi pale. Chombo chenye kasoro ya namna hiyo kiegeshwe, taarifa itolewe siku hiyo hiyo, na kisitembee hadi kitakapopona. Hasara ya wiki moja bila kazi ni kubwa kwa familia, lakini hulipika.

Kwa hiyo jibu la swali la mwanzo linapatikana. Mzigo wa kasoro ya kiwandani ni wa aliyeuza na aliyetengeneza, ila haumrudii mwenyewe bila kurudishwa. Unarudishwa na risiti, daftari, barua na subira ya mwananchi anayeijua haki yake na kuutimiza wajibu wake.