Kuhasi Nguruwe Dume Wangali Wachanga
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama kwa niaba ya Halmashauri Ndogo ya Mifugo)



Chama chetu Kikuu kimetimiza miaka mingi, na waliotutangulia kusema wamenena vema juu ya kahawa na bei yake. Sisi tumepewa jambo lisilotajwa sana katika sherehe, nalo ni kuhasi nguruwe dume wangali wachanga. Twawaomba radhi wenzetu ambao dini yao hairuhusu mnyama huyu. Chama ni cha wote, na habari ya soko tutakayoeleza yawahusu nao pia.

Kwanza yafaa tukumbuke jinsi nguruwe alivyopata makao katika vihamba vyetu. Kihamba hugawanywa na baba kwa wanawe, na kila kizazi hupata kipande kidogo kuliko kile cha kizazi kilichopita. Ng'ombe hutaka majani mengi, na mara nyingi majani hayo hubebwa kutoka tambarare. Nguruwe hutosheka na banda dogo. Hula maganda ya ndizi, majani ya viazi, pumba na machicha ya mbege, na samadi yake hurudi migombani. Jike hubeba mimba kwa siku 114 hivi, naye aweza kuzaa watoto 8 au zaidi kwa mara moja. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za mlimani ada ya shule hutoka bandani wakati malipo ya kahawa hayajafika.

Lakini karibu nusu ya watoto hao huwa madume. Dume asiyehasiwa akibalehe, yaani kwa kawaida akiwa na miezi 5 au 6, korodani zake hutengeneza kitu kiitwacho androstenoni, nacho hukaa katika mafuta ya mwili. Kitu cha pili, skatoli, hutoka katika matumbo, nacho pia huzidi kwa madume. Nyama ikiwa mbichi mnunuzi huenda asitambue lolote. Ikiwekwa motoni ndipo harufu mbaya hupanda, kama ya mkojo na mavi. Si kila dume hunuka, wala si kila pua huisikia harufu hiyo. Lakini mwenye duka la kitimoto mjini Moshi aliyefukuziwa wateja na sufuria moja haulizi ni dume wa nani. Husema tu kwamba nguruwe wa upande ule wananuka, naye hapandi tena kununua huko.

Jambo hili wakulima wa kahawa hawana haja ya kufundishwa. Punje chache zilizooza kwa kuachwa mno katika kuchachuliwa huharibu ladha ya gunia zima, na hasara humfikia hata jirani aliyeosha kahawa yake vizuri. Tangu K.N.C.U. ilipoundwa mwaka 1933, wazee wetu walijua kwamba jina la kahawa ya Kilimanjaro ni mali ya wote. Jina la nyama yetu ni vivyo hivyo.

Wako watakaosema kwamba Uingereza wafugaji wengi hawahasi kabisa. Ni kweli. Lakini wao hulisha vyakula vya kukuza upesi, na huchinja nguruwe kabla hajakomaa sana. Wa kwetu hula kile kihamba kinachotoa, hukua polepole, na wengi huchinjwa wamekwisha kubalehe. Tena huishi banda moja na dada zao, na dume asiyehasiwa huwapanda. Watoto wa ndugu kwa ndugu huwa dhaifu, na uzao hupungua.

Basi wakati wa kuhasi ni upi? Udongo uwahi ungali maji. Kitoto kihasiwe kati ya siku ya 4 na ya 10, wala isipite wiki ya 2. Wakati huo kidonda ni kidogo, damu ni chache, na mtu mmoja aweza kumshika. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria yataka kwamba baada ya siku ya 7 kazi hii ifanywe na daktari wa mifugo tu, tena kwa dawa ya ganzi na ya kutuliza maumivu; na Ujerumani, tangu mwaka 2021, hairuhusu kuhasi bila ganzi kwa umri wowote. Mnyama husikia uchungu kama sisi. Dawa ya maumivu ikipatikana, itumike. Dume wa miezi 4 au 5 asiguswe na mtu yeyote ila daktari, kwa maana aweza kufa kwa kutoka damu, na ada ya shule ikafa pamoja naye.

Kazi yenyewe ifanywe asubuhi kungali baridi, na watu wawili. Mama atengwe mahali imara, maana akisikia mlio wa mtoto aweza kumuumiza mtu vibaya. Mmoja ashike kitoto kwa miguu ya nyuma, kichwa chini. Mwenziwe, akiwa amenawa mikono kwa sabuni, atazame kwanza kama korodani zote mbili zimeshuka na kama hakuna uvimbe wa ngiri. Akiona ngiri asikate, kwa maana matumbo yatatoka; amwite daktari. Kama hakuna, asafishe ngozi, apake iodini, na akate tundu dogo juu ya kila korodani, kwa upande wa chini ili maji ya kidonda yapate njia. Korodani itolewe taratibu, na mshipa wake ukwaruzwe kwa wembe mpaka ukatike, kwa kuwa kukwaruza hupunguza damu. Kidonda kisishonwe. Kipakwe dawa, na kitoto kirudishwe kunyonya mara moja juu ya matandiko makavu. Kitazamwe kila siku mpaka kipone, kwa ajili ya uvimbe, usaha na mabuu ya nzi.

Sasa twafika kwenye hatari iliyo kubwa kuliko harufu. Yuko fundi apitaye kihamba hata kihamba na wembe mmoja mfukoni. Wembe huo hubeba pepopunda, na waweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo virusi vyake hukaa katika damu. Homa hii ilielezwa kwa mara ya kwanza na wataalamu mwaka 1921, katika nchi jirani ya Kenya, nayo haina dawa ya kuponya. Mwaka 2013 ilizuka kaskazini mwa Tanzania. Ikiingia bandani huweza kuua wote, wakubwa kwa wadogo. Fundi mmoja mwenye wembe mchafu aweza kumaliza kijiji kwa asubuhi moja, hali kila mwenye kihamba amemlipa na kumshukuru.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, kila chama cha msingi kichague watu wawili wafundishwe na Bwana Mifugo, na chama kiwanunulie nyembe na iodini. Kila banda lipate wembe mpya, na vyombo vingine vichemshwe dakika 20. Pili, kukiwa na nguruwe mgonjwa au aliyekufa kijijini, kuhasi kusimame, na mtu asiende banda la mwenziwe mpaka Bwana Mifugo aseme. Tatu, kila chama kiweke dume mmoja bora wa mbegu, asiye wa ukoo wa majike ya hapo, ambaye ukoo wake hauna ngiri, ili hao wengine wote wahasiwe bila wasiwasi.

Gharama ya wembe mmoja na tone la iodini ni ndogo kuliko bei ya kilo moja ya nyama. Hatuombi fedha nyingi; twaomba kila mwanachama, jike lake likizaa, ahesabu siku tangu siku ile, na aende kumwita fundi wa chama kabla wiki ya 2 haijaisha.