Eropleni Zenye Gurudumu la Mkia
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na walimu, Kariakoo, Dar es Salaam)

Nimetakiwa niwaeleze kwa nini eropleni ndogo, ikiisha kugusa ardhi salama, huweza kugeuka ghafula na kuvunjika mbele ya macho ya watu.

Mtazameni hamali wa hapa Kariakoo na mkokoteni wake. Akiuvuta, mzigo humfuata kwa adabu. Akizunguka nyuma akausukuma, mkokoteni wataka kwenda upande, na akikawia kuurudisha, mzigo wote hulala njiani. Basi eropleni yenye gurudumu dogo mkiani ni mfano wa mkokoteni unaosukumwa: magurudumu makubwa yako mbele, na uzito uko nyuma yake. Ikipinda kidogo, uzito ule hutaka kuyapita magurudumu, na kadiri inavyopinda ndivyo inavyozidi kupinda. Bawa hugusa chini, mguu hukatika. Eropleni yenye gurudumu puani haina tabia hiyo, maana uzito wake uko mbele ya magurudumu makubwa nao huinyosha. Ndiyo sababu nyingi za siku hizi zimeundwa hivyo. Lakini zile za mkia hazikuachwa, kwa kuwa rafadha yake iko juu, mbali na mawe na vichaka. Super Cub za doria ya wanyamapori nchini Kenya ni za namna hiyo.

Adui mkubwa ni upepo wa ubavuni. Mkia umesimama kama tanga. Upepo ukiupiga, pua hugeukia huko utokako upepo. Njia kubwa ya uwanja wa Dar es Salaam, yenye meta 3,000, imelala toka kaskazini-mashariki hata kusini-magharibi. Basi Kaskazi huifuata, bali Kusi huikata. Zamani, katika miaka ya 1920, zile Moth zilishuka penye nyasi, rubani akaielekea pepo aitakayo, na kipande cha chuma mkiani kikakwaruza ardhi mfano wa nanga. Lami haina huruma hiyo.

Nyasi nazo zina hila zake. Mwaka 1936 Beryl Markham, aliyejifunza urubani Kenya, alivuka bahari ya Atlantiki peke yake toka Uingereza. Injini ikazimika, akashuka katika kinamasi huko Nova Scotia, magurudumu yakazama, pua ikachimba matope. Mwenyewe aliokoka.

Rubani mwenye akili hurudisha kosa lingali dogo, kwa miguu myepesi, usukani ameuvuta kifuani, macho ameyatupa mbali. Wala haachi kuiongoza mpaka imesimama kabisa. Akiona mapema kwamba yamshinda, huongeza nguvu ya injini akapaa tena. Hilo si woga.

Nanyi mlio na viwanja vijijini, ambako eropleni huja kuchukua wagonjwa, msiwaache watoto wasimame kando ya njia ili kutazama. Huko kando ndiko ikimbiliako ikimshinda rubani. Mbuzi waondolewe, watu wakae mbali, na mgonjwa asipelekwe karibu kabla rafadha haijatulia.