Vifaranga vya Samaki Wakue Kwanza Ndani ya Wavu

  Ndugu wakulima wa Kintinku na vijiji vya jirani, leo tunazungumza juu ya vifaranga vya perege.

Pengine utasema, "Bwana shamba, huku kwetu maji yenyewe ni ya kubahatisha, samaki wa nini?" Hilo ni swali la haki. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba, na Aprili ikiisha nazo zimekwisha. Perege naye anataka miezi sita hivi ili afae kuliwa. Kwa hiyo kila wiki ya maji ni mali.

Sasa tazama tunavyofanya. Mtu ananunua vifaranga wa urefu wa sentimita 2, anawamwaga katika bwawa kubwa, anarudi nyumbani. Humo bwawani wanangojewa na kambale walioingia na maji ya mafuriko, na vyura, na juu yao mdiria. Siku ya kuvua anapata samaki wachache tu, na anaanza kumshuku jirani. Kumbe mwizi alikuwa humo humo majini!

Ndugu mkulima, usimwage vifaranga. Walee kwanza katika kizimba cha wavu.

Kizimba hiki ni kama mfuko wa wavu ulio wazi juu, urefu mita 2, upana mita 1, kina mita 1. Matundu yake yasipitishe punje ya uwele. Simamisha miti minne mahali penye maji ya kimo cha mita 1, ufunge pembe za wavu. Kitako kisiguse tope, na ukingo wa juu uzidi maji kwa sentimita 30, samaki wasiruke nje. Funika juu kwa wavu mwingine kuzuia ndege.

Angalizo kubwa: usitumie chandarua cha kulalia. Vyandarua vingi vya siku hizi vimetiwa dawa ya mbu, na dawa hiyo ni sumu kali kwa samaki. Tena chandarua kina kazi yake, kumkinga mama na watoto na malaria.

Kizimba hicho weka vifaranga 200, wasizidi. Wakifika, usiwamimine papo hapo. Elekeza mfuko wao juu ya maji kwa dakika 15 hadi 30, ili joto la maji ya ndani na ya nje lilingane.

Chakula tunacho. Chukua kipimo kimoja cha pumba laini za mpunga, kimoja cha mashudu ya alizeti, na kimoja cha dagaa. Saga, chekecha, wape kidogo kidogo mara nne kwa siku. Wakiacha kula, nawe acha. Chakula kinachobaki huoza na kuharibu maji.

Kila wiki sugua wavu kwa brashi laini. Ukandu wa kijani ukiziba matundu, maji hayapiti, na samaki hukosa hewa. Ukiwaona alfajiri wamepanda juu wanatweta, ujue hewa imepungua: safisha wavu, punguza chakula, ongeza maji safi ukiweza.

Baada ya wiki sita mpaka nane watafikia urefu wa kidole. Hapo wahesabu, uwahamishie bwawani. Bwawa la mita 10 kwa 10 linatosha samaki 200, yaani wawili kwa kila mita ya mraba. Sasa unajua umeweka wangapi, na siku ya kuvua hutabahatisha.

Faida nyingine ni ya wakati. Kama una lambo dogo lenye maji mwezi wa Novemba, tega kizimba humo mapema. Bwawa kubwa likijaa Januari, utaliwekea samaki waliokwisha kukomaa kidogo, wala si watoto wachanga. Hapo umeokoa karibu miezi miwili ya maji, na kwa sisi tunaoishi bondeni huku, miezi miwili ndiyo tofauti ya kuvua na kuokota samaki katika tope linalokauka.

Basi anza na kizimba kimoja, na umwone afisa uvuvi wa wilaya kabla ya kununua vifaranga. Kwaherini, na kazi njema.