Ufa wa Mmoja, Ukuta wa Mwingine

Katika mazungumzo ya kila siku maneno janga na maafa huchukuliwa kuwa kitu kimoja, na magazeti huyabadilishana bila wasiwasi, lakini wataalamu wa fani hii nchini Tanzania huyatenganisha, na tofauti hiyo ndiyo mlango wa hoja yote ya hotuba hii. Janga, kwa maana yao, ni tukio lenye uwezo wa kudhuru, kama vile mvua iliyopita kiasi, tetemeko la ardhi, kimbunga, ukame au maporomoko ya udongo. Maafa ni yale yanayofuata pale janga linapowakuta watu, nyumba, mashamba na barabara katika hali isiyoweza kulihimili, kiasi kwamba jamii iliyopatwa haiwezi kujinusuru kwa uwezo wake yenyewe. Mvua kubwa ya usiku mmoja ikinyesha juu ya msitu usiokaliwa na mtu ni habari ya wapima hali ya hewa. Mvua hiyohiyo ikinyesha juu ya bonde lililojaa vyumba vya kupanga ni msiba. Ndiyo maana mwaka 1976 watafiti Phil O'Keefe, Ken Westgate na Ben Wisner walitoa hoja katika jarida la Nature kwamba neno "asili" liondolewe katika maelezo ya maafa, kwa kuwa sehemu kubwa ya kinachoua hutokana na namna jamii ilivyojipanga kabla ya janga kufika.

Hoja hiyo si ya vitabuni tu. Mlima Hanang, uliopo mkoani Manyara, una urefu wa zaidi ya mita 3,400 na ni volkano iliyozimika zamani sana. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, katika msimu wa mvua zilizozidishwa na El Nino, yaani hali ya joto la bahari ya Pasifiki ambayo kwa kawaida huongeza mvua za vuli Afrika Mashariki, sehemu ya miamba dhaifu ya mlima huo ilinyonya maji hadi ikashindwa kujishikilia, ikameguka, ikageuka tope zito lililoteremka kwa kufuata makorongo, likibeba mawe na magogo, hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu 89 walipoteza maisha. Uvumi wa mwanzo ulisema mlima umelipuka, na wanajiolojia wa serikali wakalazimika kueleza kwamba hapakuwa na mlipuko wowote. Maelezo yao yana uzito wa kimaadili kuliko yanavyoonekana, kwa sababu mlipuko wa volkano ungewaachia wanadamu kisingizio, ilhali maji, mteremko na korongo ni mambo yanayoweza kuchunguzwa, kuchorwa kwenye ramani na kuelezwa kwa watu wanaoishi chini yake. Korongo halikuchimbwa na mtu. Ni njia ambayo maji na mawe vimekwisha kuipita, na kwa hiyo ni ushahidi unaosimama wazi mwaka mzima, hata katika kiangazi ambapo watoto huchezea humo na mbuzi hulishwa humo. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ulikuwa umekwisha kutangaza mvua kubwa za msimu ule miezi kadhaa kabla, lakini utabiri wa mvua za mkoa mzima na onyo kwa familia inayolala kando ya korongo moja ni vitu viwili tofauti, na nafasi iliyopo kati ya hivyo viwili haijazwi na mawingu bali na watu wenye dhamana.

Hapa ndipo methali ya ufa na ukuta, ambayo imechoka kwa kunukuliwa katika semina, inapohitaji kutazamwa upya. Methali hiyo inamwonya mwenye nyumba asiyeziba ufa kwamba atajenga ukuta, na ndani yake imo dhana kwamba anayezembea na anayelipa ni mtu mmoja. Katika maafa mambo hayaendi hivyo. Anayegawa kiwanja bondeni haishi bondeni. Anayekata miti juu ya mlima hulala mbali na tope litakaloshuka. Fundi aliyepunguza nondo ili abakize faida huwa amekwisha kuhamia kazi nyingine siku nyumba inapoanguka. Ufa ni wa mmoja na ukuta ni wa mwingine, na mara nyingi huyo mwingine ni maskini, mzee, mtoto au mpangaji ambaye hakuulizwa lolote. Kwa hiyo kujiandaa na maafa si busara ya mtu kujilinda mwenyewe tu, kama kununua mwavuli. Ni suala la haki, na mahali pake ni katika maadili ya uraia kabla ya kuwa katika ghala la mablanketi.

Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 linaonyesha jambo hilo kwa upande wa ujenzi. Lilikuwa na ukubwa wa 5.9, nguvu ambayo katika miji iliyojengwa kwa kanuni madhubuti husababisha hofu kuliko vifo, lakini mkoani Kagera liliua watu 17, likaangusha mamia ya nyumba, na kuziharibu vibaya shule kongwe za Ihungo na Nyakato. Ukuta wa tofali hubeba vizuri uzito unaotoka juu, ila huwa mnyonge unapotikiswa kwa ubavu, na kinachoufunga usifumuke ni mkanda wa zege na nondo unaozunguka nyumba nzima, ambao mafundi huuita lenta. Tofauti ya lenta na kutokuwa nayo inaonekana hata duniani kote kwa kipimo kikubwa zaidi: mwaka 2010 Haiti ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.0 na kupoteza watu zaidi ya laki moja, na wiki chache baadaye Chile ikapigwa na tetemeko la ukubwa wa 8.8, lililotoa nishati mara mamia kadhaa zaidi, na waliokufa walikuwa mia tano na ushei. Chile ilikuwa na kanuni za ujenzi zilizofuatwa, na Haiti haikuwa nazo.

Suala la ardhi ni gumu kuliko la tofali, na halipaswi kurahisishwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na fukwe za bahari. Sheria ni nzuri na mita zinahesabika, lakini Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam limejaa watu tangu zamani, na mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40, yaliwakuta humo. Baada ya mafuriko hayo serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, pembezoni kabisa mwa jiji, na baadhi yao wakarudi bondeni. Wapo waliowaita watu hao wakaidi. Hukumu hiyo ni ya haraka mno, kwa sababu mtu anayebeba mizigo Kariakoo, au anayekaanga mihogo asubuhi kwa ajili ya wapita njia wa Jangwani, akihamishiwa mahali ambapo nauli ya kwenda na kurudi inakula pato la siku, huwa ameokolewa na maji na kukabidhiwa kwa njaa. Anayeishi bondeni kwa kawaida anajua hatari yake vizuri kuliko mtoa semina. Amepima tu hatari ya mara moja kwa miaka kadhaa dhidi ya hatari ya kila jioni. Uhamishaji wa haki, basi, ni ule unaohamisha riziki pamoja na paa, na unaolipa fidia kabla ya kuleta tingatinga. Wakati huohuo haki haimwachi nje ofisa aliyegonga muhuri kwenye hati ya kiwanja kilichomo ndani ya mita hizo 60, wala mwenye nacho anayejaza kifusi kwenye mkondo wa mto ili apate eneo la kuegesha magari, na maji yakageukia kwa jirani.

Athari za maafa nazo hupimwa vibaya. Idadi ya waliokufa hutangazwa siku ya kwanza na kurudiwa kila mwaka, ilhali hasara nyingine hutambaa polepole bila kutangazwa na yeyote: ng'ombe waliokuwa ndiyo benki ya familia, mbegu za msimu ujao, vyeti vya shule na vitambulisho vilivyosombwa na tope, binti aliyeacha masomo ili alee wadogo zake. Nyingine hubadilisha hata ramani ya uchumi. Tarehe 15 Aprili 1872, enzi ya Sayyid Barghash, kimbunga kikali kiliipiga Unguja, kikazamisha vyombo bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa hicho, wakati Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu huchukua miaka mingi kufikia mavuno ya maana, na katika miaka hiyo Pemba ikashika nafasi ya kwanza katika zao hilo, nafasi ambayo haijaiachia. Siku moja ya upepo ilitosha kuamua, kwa karne nzima na zaidi, nani atachuma karafuu na wapi.

Kimbunga hicho kinastahili kukumbukwa kwa sababu nyingine pia. Vimbunga vya kitropiki, yaani mifumo ya upepo unaozunguka kwa nguvu juu ya bahari yenye joto, ni vigumu kujijenga karibu na ikweta, kwa kuwa msukumo unaotokana na kuzunguka kwa dunia ni dhaifu sana huko, na kutokana na ukweli huo ilizaliwa imani kwamba pwani ya Tanzania haina vimbunga. Imani hiyo ilikuwa imekwisha kukanushwa mwaka 1872, ikakanushwa tena mwaka 1952 huko Lindi, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika Mafia. Safari hii, hata hivyo, taarifa zilitangulia upepo: Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa maonyo siku kadhaa kabla, na boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Barabara ya Lindi ilikatika eneo la Somanga na hasara ilikuwa kubwa, lakini bahari haikukuta vyombo vimejaa watu.

Thamani ya taarifa inayofika kwa wakati inaonekana wazi zaidi katika tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004. Tsunami ni mawimbi yanayosababishwa na kusukumwa kwa maji ya bahari, hasa pale tetemeko linapoinua au kushusha sakafu yake, na siku ile tetemeko lilitokea karibu na Sumatra, Indonesia. Mawimbi yalisafiri kwa takriban saa nane kabla ya kugusa Afrika Mashariki, muda unaotosha basi kutoka Dar es Salaam kufika Dodoma. Somalia walikufa watu karibu 300. Tanzania walikufa watu wapatao kumi au zaidi kidogo, wengi wao wakiwa wanaogelea ufukweni siku ya mapumziko. Kenya, ambako mamlaka ziliwaondoa watu kwenye fukwe za Mombasa, alikufa mtu mmoja. Na katika kisiwa cha Simeulue, kilichokuwa karibu kabisa na chanzo cha tetemeko, walikufa watu saba tu kati ya wakazi wapatao 78,000, kwa sababu tangu tsunami ya mwaka 1907 wazee wa huko walikuwa wakiwasimulia na kuwaimbia watoto juu ya smong, neno lao kwa mawimbi makubwa yanayokuja baada ya ardhi kutikisika na bahari kurudi nyuma, na kila mtoto alijua kwamba akiona bahari inarudi nyuma hukimbilia mlimani. Kisiwa hicho hakikuwa na king'ora. Kilikuwa na wazee walioona kwamba walichokiona ni amana ya watu ambao hawajazaliwa.

Wapo wanaosema maandalizi ya namna hii ni kupingana na kudra. Kisa cha Nabii Yusufu, kinachosomwa misikitini na makanisani, kinatosha kuwajibu: alipojulishwa juu ya miaka saba ya njaa hakuwaambia Wamisri waisubiri kwa saburi, bali alisimamia ghala. Kikwazo kikubwa zaidi si imani, ni sifa. Kiongozi anayekabidhi magodoro na unga kwa waathirika hupigwa picha, na rambirambi zake husomwa hadharani. Ni nadra kumwona aliyepigwa picha akikabidhi mtaro uliozibuliwa. Maafa yaliyozuiwa hayana mazishi, hayana mgeni rasmi, na kwa hiyo bajeti yake huwa ya kwanza kukatwa. Ni wajibu wa raia kugeuza desturi hiyo kwa kuulizia mtaro kabla ya kupokea godoro.

Nyenzo za kufanya hivyo zipo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kuwepo kwa kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi ya kijiji na mtaa, na mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake, unapaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Katika mkutano unaofuata, taarifa ya mapato na matumizi ikishasomwa, na aulize mtu mmoja maswali machache: wajumbe wa kamati ya maafa ni akina nani, walikutana lini mara ya mwisho, korongo lipi linatazamwa mvua zikizidi, na mvua ikinyesha usiku kucha ni nani atakayekwenda kugonga mlango wa bibi anayeishi peke yake kule chini.