Mchoraji Wetu na Soko la Intaneti



Marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwaka 1968, picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, mahali walipopita wageni wenye fedha. Vijana wetu nao hawana budi kuchagua mahali, ila siku hizi barabara yenyewe ni intaneti.

Wengi hukimbilia Instagram. Huko watu hutazama, husifu, kisha huenda zao. Etsy ni duka hasa, lakini lina ushuru wake: senti 20 za dola kwa kila picha iwekwayo kwa miezi minne, iuzwe isiuzwe, na tangu mwaka 2022 asilimia 6.5 ya bei. Asilimia hiyo hukatwa hata katika nauli ya kuisafirisha picha, jambo ambalo kijana hulitambua akiwa amekwisha kupata hasara.

Kwa hiyo, ndugu walimu, kabla hajafungua duka lolote, mfundisheni kuuliza: fedha zitanifikiaje hapa nchini? Tena asitandaze picha kubwa iliyo kamili. Mtu wa mbali ataichapa juu ya fulana, na mchoraji asipate hata thumni. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, naam, lakini kumshitaki mtu aliye ng'ambo hugharimu kuliko picha yenyewe. Aweke nakala ndogo, iliyoandikwa jina lake katikati. Ile kamili aipate aliyelipa.